Aliyemsifu Ng'ombe Aliyempasua Bandama

Taarifa ya kifo chake ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, hapa Bariadi mjini, nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza katikati ya utosi, na kinyozi ametoka mbio kutafuta petroli ya jenereta. Ndipo simu ikaita. Aliyepiga ni dereva wa lori la ng'ombe, mtu asiyependa kupoteza maneno. "Mwandishi, yule mwenzako wa Nkololo hatunaye. Moyo. Tunazika kesho, njoo." Nilijitazama kwenye kioo, nusu mzee na nusu kijana, machozi yakanitoka pande zote mbili. Sikumsubiri kinyozi. Nilifika msibani vile vile, na hapo yakatokea mambo ambayo marehemu angeyafurahia kuliko sisi sote. Kwetu mfiwa hunyoa nywele, wasomaji wangu wa huku mnalijua hilo, lakini hakuna aliyewahi kuona mtu amenyoa nusu. Wazee walinitazama kwa heshima mpya. Mmoja alinong'ona kwamba huenda ndivyo watu wa magazeti wanavyomwomboleza rafiki wa karibu. Mdogo wake marehemu, alipoona mtu baki amemzidi kwa huzuni, aliomba wembe. Jua halijazama, wanaume kadhaa wa ukoo walikuwa wameketi mikekani wakiwa na vichwa vya nusu kwa nusu, na mimi sikuona pa kuanzia kueleza habari za umeme.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu. Inatosha kusema kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mwenye kofia ya pama na kicheko kilichosikika kabla hajafika. Nilimfahamu mnadani, nilipokwenda kuandika habari za mifugo nikaishia kununua mbuzi nisiyemhitaji, ambaye yeye ndiye aliyenishawishi. Tangu hapo tukawa marafiki wa mnadani. Hatukutembeleana sana majumbani, lakini tukikutana hatukuachana upesi. Sifa yake kubwa, iliyojulikana kuanzia Nkololo hadi Bukundi, ni kwamba huyu bwana hakuwa na maumivu. Sisemi kwamba aliyavumilia, maana wavumilivu ni wengi. Yeye aliyakana. Mwiba wa mgunga uliwahi kuuchoma unyayo wake ukatokezea juu ya kiatu, akaendelea kutembea nao, na tulipomwonyesha akatujibu kwamba anajua, anautunza tu asije akaupoteza. Watu walicheka, wakamsifu, na watoto wa Nkololo waliokuwa wakilia kwa sindano waliambiwa wamwige.

Sehemu ya lawama ni yetu sote. Salamu zetu za Kisukuma ni ndefu na nzuri, lakini majibu yake ni ya aina moja tu. Ukiulizwa hali unajibu "mhola", yaani salama. Ukiulizwa za nyumbani, mhola. Ng'ombe je? Mhola. Hata kama nyumba imeungua, kwanza unazimaliza mhola zote, ndipo unapoingiza kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo dogo limetokea. Nimewahi kushuhudia kwa macho yangu mtu akiitikia salamu kikamilifu, pamoja na za watoto na za mashamba, akiwa ndani ya kisima alichotumbukia. Aliyemsalimu alikuwa keshaanza kuondoka.

Basi ilitokea siku moja, miaka si mingi iliyopita, mama mkwe wa marehemu akaja mnadani kuuza dume lake. Alikuwa bibi mkulima wa pamba kutoka Nkoma, mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru, na alikuja na mwanawe wa kiume, yaani shemeji yake marehemu. Ng'ombe huyo alikuwa amemlea kwa mkono wake tangu akiwa ndama, na alimpenda waziwazi kuliko huyo mwanawe. Sasa mnajua uzito wa mkwe kwa watu wetu. Marehemu hakuketi mkeka mmoja na bibi yule, hakula mbele yake, wala hakumtazama usoni. Alizungumza naye akiwa ameelekea kando, kiasi kwamba mgeni angedhani anasemezana na uzio. Siku hiyo alikuwa ameahidi kumtafutia mnunuzi wa maana, naye alimpata. Wakati ng'ombe anaonyeshwa, mtu mmoja nyuma yetu akafungua mwavuli kwa kishindo. Dume likashtuka, likageuka na kumgandamiza marehemu kwa kichwa kwenye ubavu wa lori, upande wa kushoto chini ya mbavu. Halikumchoma pembe. Lilimbana tu, kisha likarudi nyuma taratibu kama mtu aliyekosea mlango.

Hapo shemeji, aliyekuwa amekaa juu ya uzio, aliruka kwa hofu, akateguka kifundo cha mguu na kupiga yowe lililosimamisha mnada mzima. Wote tulikimbilia kwa shemeji. Bibi peke yake ndiye aliyegeuka nyuma.

"Mkwe, hajakuumiza?"

"Hapana, mayu," yaani mama, marehemu aliuambia uzio. "Ng'ombe wako ana nguvu nzuri sana. Mnunuzi amejionea mwenyewe."

Niliona kofia yake imeanguka na hakuinama kuiokota. Nilimwokotea mimi, nikamvisha, akanishukuru kwa macho tu. Kumbe alikuwa amekabwa na jambo zito. Kukiri kwamba ameumia ilikuwa ni kumshitaki ng'ombe wa mama mkwe mbele ya mnunuzi, mbele ya wanaume wa mnadani, na mbele ya mama mkwe mwenyewe. Heri afe. Nasema heri afe bila kutia chumvi, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa ameanza kukifanya na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua.

Tuliwapakia bibi na mwanawe kwenye lori la yule dereva wa maneno machache, kuelekea hospitali. Bibi alikaa mbele, mwanawe amemlalia mapajani akimwita nyanya yake aliyekwisha fariki. Marehemu hakuweza kukaa karibu na mkwe, kwa hiyo alisimama nyuma kwenye bodi pamoja nami, akiwa ameshika chuma kwa mkono mmoja na kikapu cha mayai cha mama mkwe kwa mkono mwingine. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Nilimuuliza kama ameumia. "Mimi? Na ng'ombe wa mayu?" Alinitazama kama niliyemtukana. Lori likaingia shimoni, akafumba macho na kusema, "Nundu nzuri." Shimo jingine, "Kwato ngumu." Tulipovuka korongo, mahali ambapo hata mimi mzima niliona nyota, alitaja rangi ya ng'ombe, mkia, na ukoo wake upande wa mama. Nilidhani anafanya biashara.

Katika kitengo cha dharura muuguzi alituuliza, "Mgonjwa ni nani?" na sisi wote, marehemu akiwa wa kwanza, tukamnyooshea kidole shemeji. Shemeji alilazwa kitandani, wauguzi wakamzunguka, huyu akikata soksi, yule akitafuta mshipa. Alilia vizuri, sina budi kumsifu. Aliomba maji, aliomba simu yake, aliomba asikatwe mguu ambao hakuna aliyekuwa amefikiria kuukata. Marehemu alisimama mlangoni na kikapu cha mayai, kama msindikizaji mwema. Muuguzi mmoja mtu mzima alipita akamsalimu kwa heshima.

"Mwadila, baba. Hali?"

"Mwadila, mayu. Mhola duhu."

Muuguzi akaenda zake ameridhika, na sioni jinsi ya kumlaumu. Mtu amesimama kwa miguu yake, ameshika mayai, na amesema kwa kinywa chake kwamba yuko salama kabisa.

Aliyesimama kumtazama ni daktari wa zamu, binti aliyekuwa amehamia kutoka Dar es Salaam hivi karibuni na aliyekuwa anajua maneno mawili tu ya Kisukuma. Aliniambia baadaye kwamba kilichomsimamisha ni nzi. Nzi alikuwa akitembea kwenye mdomo wa marehemu, kutoka pembe hii hadi pembe ile, na mwenye mdomo hakumfukuza. Kisha akaona mengine. Jasho lilikuwa likimtoka mtu huyu mahali penye feni. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Na shemeji alipoomba aletewe mchungaji, chumba kizima kikacheka, yeye peke yake hakucheka, yeye ambaye, kwa uso wake, alionekana ni mtu wa kucheka.

"Mzee, na wewe unaumwa?"

"Hapana, daktari. Mimi nimeleta mgonjwa."

"Nisikilize. Kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni kwamba huna maumivu hata kidogo. Kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawaza. Yako ni ngapi?"

Marehemu alitupa jicho upande alikoketi mama mkwe. "Sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kama kuna ya chini ya sifuri, niandikie hiyo."

Daktari hakukata tamaa. Akaleta karatasi yenye michoro ya nyuso, kuanzia uso unaotabasamu hadi unaobubujikwa machozi, akamwambia aonyeshe uso unaofanana na anavyojisikia. Marehemu alizitazama kwa makini ya mtu anayechagua mtamba. Akaweka kidole kwenye uso unaotabasamu. "Huyu. Ana sura ya mtu mwenye mifugo." Kuhusu ule unaolia, alisema unamkumbusha shemeji yake. Daktari akaacha maswali, akamshika mkono akiitazama saa ya ukutani, na nikaona uso wake unabadilika. Mkono ulikuwa wa baridi na mapigo yanakimbia. Akamgusa tumbo taratibu upande wa kulia. "Mhola," alisema marehemu. Akamgusa katikati. "Mhola duhu." Akasogea kushoto chini ya mbavu, na marehemu akapaza sauti, "Mhola! Mhola duhu! Na watoto mhola!" na yai moja likaanguka kutoka kikapuni hadi sakafuni.

Daktari akanivuta pembeni. "Yule bibi ni nani kwake?"

"Mama mkwe. Na ng'ombe aliyembana ni wa bibi."

Alifumba macho kidogo, kama mtu anayejifunza somo ambalo chuoni halikuwepo. "Mtoe bibi hapa. Mpeleke popote. Zungumza naye chochote, lakini asirudi mpaka nikuite."

Nilimpeleka kantini, nikamwagizia chai, nikamwomba anisimulie habari za ng'ombe wake. Sijawahi kupewa kazi nyepesi kama ile. Bibi alianza na nyanya wa ng'ombe, aliyetoka Meatu kwa mahari, akashuka hadi kwa mama yake, aliyekuwa na tabia ya kula kanga za wanawake zilizoanikwa. Tulikuwa tumefika siku ya kuzaliwa kwa ndama mwenyewe, mvua inanyesha, ndama ametanguliza mguu mmoja, ndipo likasikika yowe kutoka dharura. Halikuwa yowe la kawaida. Lilikuwa na miaka mingi ndani yake.

"Nani huyo?" bibi aliuliza.

"Ni mwanao, mayu. Mguu."

Kabla sijafunga mdomo, mwanawe akaingia kantini akichechemea, mguu umefungwa bandeji safi, mkononi ana soda na andazi. "Mayu, nimechomwa sindano. Wala siumwi tena." Bibi alimtazama mwanawe. Akanitazama mimi. Akaweka kikombe chini, akasimama, akatembea kuelekea jengo la dharura kwa hatua ambazo sikuweza kuzisimamisha. Lakini mlangoni hakuingia. Mkwe alikuwa amevuliwa shati ndani mle, na mila ni mila. Alizunguka hadi dirishani, akasimama ameupa ukuta mgongo, akatazama miti ya uani, na kusema kwa sauti ambayo ilifika ndani bila shida.

"Mkwe, unanisikia?"

Sauti ndogo ikajibu, "Nakusikia, mayu. Mhola."

"Acha mhola zako. Ng'ombe alikuwa wangu, lakini tumbo ni lako. Mwambie huyo mtoto wa watu ukweli. Lia, baba. Mimi sipo hapa."

Na marehemu, mtu asiyekuwa na maumivu kutoka Nkololo hadi Bukundi, akalia. Alilia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alipoulizwa tena namba alipiga kelele, "Tisa! Tisa, mama yangu, tangu mnadani!" Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walivua kofia, wakidhani amekufa.

Pale dirishani nilisikia pia mabishano. Tabibu mmoja wa siku nyingi, mtu mpole, alikuwa akimsihi daktari asimpe dawa ya maumivu kabla ya mpasuaji kufika. Alisema ndivyo alivyofundishwa, kwamba tumbo likitulizwa ugonjwa unajificha na mpasuaji atashindwa kuuona. Daktari alimjibu bila kumvunjia heshima. "Mzee wangu, ugonjwa huu umefichwa tangu mnadani, tena bila dawa yoyote, na umeona ulivyofichika vizuri. Kama kuna kitu kimepasuka ndani, kitabaki kimepasuka hata akipata nafuu. Tofauti ni kwamba ataniruhusu nimshike." Tabibu alifikiri, akakubali, na ndiye aliyeivuta dawa kwenye bomba kwa mkono wake. Walimpa kwa mshipa, kidogo kidogo, huku maji yanaingia na presha inapimwa, na kila baada ya muda wanamuuliza upya. Tisa ikawa saba. Saba ikawa tano. Akawaacha wamshike tumbo lote, wakapitisha kipimo cha picha, wakaona damu mahali isipotakiwa kuwa. Bandama ilikuwa imepasuka. Kwa kuwa alikuwa amechinja ng'ombe wengi, alijua bandama ilivyo, na aliuliza kwa udadisi kabisa kama wataichoma au wataitupa. Maumivu yalipofika mbili, ulimi ulilegea. Wakati kitanda kinasukumwa kwenda chumba cha upasuaji alikuwa anamweleza muuguzi kwamba yule ng'ombe hana adabu, hajawahi kuwa na adabu tangu ndama, na kwamba ukoo mzima upande wa mama ni wala kanga. Bibi, aliyekuwa bado ameupa ukuta mgongo, alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. "Kweli hana adabu," alisema mwishowe.

Alipona. Mpasuaji alituambia kwamba kama angeendelea kusimama mlangoni na yale mayai mpaka shemeji afungwe bandeji, angeanguka pale pale na asingeinuka. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila nikilifikiria hasira inanipanda, tena si kwa marehemu. Tumejenga utaratibu wa ajabu. Mwenye kelele anahudumiwa kwanza na mwenye adabu anaambiwa asubiri benchi. Mtoto akichomwa sindano tunamwambia haijauma, wakati imeuma na yeye anajua imeuma, na hapo anajifunza kwamba mwili wake ni mwongo. Mwanamke akipata uchungu wa uzazi anaambiwa anyamaze, wenzake walizaa kimya. Mwanaume anaambiwa ajikaze kisabuni. Tukishawafundisha wote hivyo, tunawapeleka hospitali na kuwauliza wanajisikiaje, halafu tunayaamini majibu yao. Wahudumu wenyewe ni watoto wetu hao hao, wamelelewa kwenye mikeka hiyo hiyo. Yule binti wa Dar hakuwa na akili kuliko wengine. Alikuwa hajui salamu zetu tu, na ndiyo maana hazikumridhisha.

Baada ya hapo marehemu aliongoka, na kama ilivyo kwa waongofu wengi, alitusumbua. Ile sifuri mpaka kumi aliichukua akaondoka nayo kama mali yake. Akikutana na mtu mnadani alimaliza salamu zote kwa ukamilifu, kisha akaongeza, "Na mwili, ngapi?" Ulikuwa huwezi kumpita. Mtu akijibu sifuri alimzunguka akimkagua kama anayetaka kumnunua. Yeye mwenyewe akijigonga kidole alitangaza "Nne!" bila kuulizwa, na baada ya muda "Sasa tatu," ili tusipate wasiwasi. Kanisani padri aliposalimia waumini na kuwauliza hali, jibu moja lilitoka nyuma peke yake: "Mbili, goti la kulia." Alianza kuvipima na vitu visivyohusika, chai ya kantini, misiba, ndoa za watu, na mahubiri ya padri huyo huyo, ambayo aliyapa sita. Wapo waliokuwa wakijificha nyuma ya malori wakiiona kofia yake inakuja. Lakini pia wapo watu wanaotembea leo kwa sababu hakuwaacha wajifiche. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuwa amejikunja kando ya uzio, akidai ana usingizi, alipakiwa kwa nguvu na kufikishwa dharura, na marehemu aliingia akipaza sauti, "Huyu ni nane, lakini atawaambia sifuri!" Wauguzi walikuwa wamekwisha mzoea, wakamwamini. Ilikuwa utumbo umejisokota.

Juzi yenyewe, mkewe anasema, alikuwa shambani akikagua pamba. Alikaa chini ghafla, akashika kifua, akamwambia, "Kumi." Mkewe hakumuuliza mara ya pili, maana kwa miaka yote ile hakuwahi kuitamka namba hiyo. Walimfikisha hospitali upesi kuliko watu wengi wanavyofikishwa, na alichofanyiwa, kwa maelezo ya wote, kilikuwa kile kilichopaswa. Lakini moyo ulikuwa umeharibika mno. Alipewa dawa, alipewa hewa, akaishi mpaka mchana wa siku iliyofuata, akafariki.

Baada ya maziko, wanaume tulikaa mikekani na ule mjadala niliokuwa nauogopa ukaanza. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeuanzisha, kwa uchungu, na sikumlaumu. "Huyu kaka yangu alituambia tuseme. Kila siku, semeni, semeni. Haya, yeye amesema. Alisema upesi, alisema namba ya mwisho kabisa. Imemsaidia nini? Si amekufa tu? Bora angenyamaza akafa kiume." Vichwa vikatikiswa kukubali. Waligeuka kunitazama mimi, mtu wa maneno. Kwa kweli nilikuwa nimekuja msibani na swali hilo hilo.

Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo ya maji ya kunawa. Aliyasikia maneno hayo. Aliitua ndoo katikati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hasimami, akasimama.

"Nimezika wawili," alisema. "Mume wangu tumbo lilimshika asubuhi, akageukia ukutani, akauma shuka. Nilimwita, hakuitika, maana nguvu zake zote alikuwa anazitumia kunyamaza. Watoto waliingia wakatoka, hakuwaona. Alikufa kiume kama unavyotaka wewe. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini. Huyu wa jana walimpa dawa, uso ukafunguka. Akamwita mkewe, wakaongea mambo yao, nikasikia wanacheka. Akawaita watoto mmoja mmoja, akamwambia kila mtu neno lake. Akaniita na mimi, akaniaga. Ndipo akafa. Wote wamekufa, baba. Lakini binti yangu ameagwa na mumewe, na mimi sikuagwa na wangu."

Akainua ndoo yake akaenda. Mdogo wake marehemu alifunika uso kwa mikono akalia kwa sauti, mbele yetu sote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba tunasema "inauma" ili tusife. Kufa tutakufa. Tunasema ili saa hiyo ikifika tuwe bado na nguvu za kuwatazama watu wetu na kuwaambia tulichokuwa nacho moyoni. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na umebana meno tangu asubuhi, mwambie aliye karibu nawe sasa hivi.